Mwaka Aliorudi Baba na Sanduku la Vitana

Kwenye matanga ya Bi Rukia mwaka huu wanawake walicheka zaidi ya walivyolia, na mwenye makosa alikuwa baba yangu, ambaye hata hakuwa chumbani. Alikuwa nje na wanaume wenzake chini ya turubai, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, anakunywa kahawa kwa kikombe kidogo. Sisi tulikaa ndani mkekani, miguu tumeinyoosha, kwenye ile nyumba ya Homa Bay ambamo marehemu aliishi tangu alipoletwa kutoka Lamu akiwa mke wa muuza vitambaa. Mama mmoja mnene nisiyemkumbuka alichungulia dirishani, akamwona baba, akarudi kukaa akiwa ameziba mdomo kwa leso. "Yule mzee," alisema, "ndiye alinisuka siku ya kuolewa. Bwana aliondoka baada ya miaka mbili. Hiyo nywele ingekuwa hapa mpaka leo kama si mimi mwenyewe kuifumua." Chumba kizima kikaangua kicheko, hata mabinti wa marehemu waliokuwa wamevimba macho. Basi kila mmoja akatoa yake. Huyu alisukwa akiwa na uchungu wa kuzaa, akakataa kwenda hospitali kabla upande wa kushoto haujakamilika. Yule alivuka ziwa kutoka Takawiri kwa ajili ya kichwa tu. Nilicheka nao mpaka mbavu zikauma. Kisha nikakumbuka kwamba kulikuwa na mwaka ambapo mtu akitaja mikono ya baba yangu mbele yangu, nilikuwa nainuka na kutoka.

Alirudi siku chache baada ya mimi kumaliza kidato cha nne. Mama alikuwa na kibanda cha chakula karibu na soko, benchi mbili na meza iliyofunikwa kwa mpira wa maua, na mimi nilikuwa nimesimama pale na kichwa changu kilichonyolewa, kama shule yetu ilivyotaka, nikipeleka sahani na kutoa sahani. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, kibanda kimejaa. Mwanamume mmoja mrefu akainama mlangoni, akaweka sanduku chini ya benchi na kusema, "Naomba ugali na ngege, tafadhali." Watu waligeuka. Kwetu huombi chakula hotelini, unasema lete. Mama, aliyekuwa akikaanga samaki na mgongo ameutupa kwetu, alisema bila kutazama, "Hapa hatuombi, tunanunua." Baada ya hapo sikusikia tena ile sauti ya mwiko wake. Alisimama tu akiitazama karai, na ngege wawili waliokuwa ndani wakageuka weusi, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe. Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa. Alipakua ugali, akachagua samaki, akamkatia mkia. Yule mtu alikula mkia wote, akanyonya hata mifupa, akalipa. Mama akamrudishia chenji yake. "Jiko nalifunga jioni," alimwambia. "Kama uko na maneno, kuja hiyo saa." Halafu akanigeukia kana kwamba ananikumbusha maji yako wapi. "Awuor, huyo ni baba yako. Toa sahani yake."

Nikaitoa. Hilo ndilo jambo la kwanza nililomfanyia baba baada ya miaka kumi. Alikuwa ametoka nyumbani nikiwa darasa la pili, akiwa na nyavu na mipango ya kuvua upande wa Mwanza, na kwa muda mrefu nilikuwa nimejitengenezea sababu za kutorudi kwake. Nilimzamisha ziwani mara kadhaa. Nilimfunga jela, nikamtoa, nikampa jumba kubwa lenye mbwa wawili. Kitu ambacho sikuwahi kumpa ni kile nilichokisikia jioni ile, nikiwa nimechuchumaa nyuma ya pazia lililogawa nyumba yetu ya kupanga, nikijifanya nachambua omena, dagaa wa ziwani.

"Nyavu zilienda na maji mwaka wa kwanza," alikuwa akisema. "Nikapata kazi ya kufagia saluni ya mama mmoja. Siku moja msusi hakuja na wateja wamekaa. Nikashika kichwa."

"Ukashika kichwa," mama alisema.

"Cha mteja."

"Na huyo mama mwenye saluni, yeye ulimshika nini?"

Nilisikia kiti kikilia. "Tulikaa pamoja kidogo," baba alisema. "Akahamia Dar."

"Asante kwa kutonidanganya. Sasa niambie kwa nini hukuandika hata siku moja."

"Ningeandika nini, Mama Awuor? Kwamba mimi, mwanaume wa Mfangano, mtoto wa wavuvi, nasuka wanawake nywele? Nilisema nitapata kazi nyingine kwanza, halafu nitaandika. Kazi nyingine ikakataa. Na hii ikanipenda."

Nilisikia mama akitoa sauti ya ajabu, kama mtu aliyepaliwa na chai. Nilidhani analia, nikasogeza pazia nimwendee. Alikuwa anacheka. Alikuwa amelaza kichwa mezani, mabega yanatikisika, na baba amekaa mbele yake na mikono magotini kama mtoto aliyeitwa ofisini. Siku hiyo sikuona cha kuchekesha hata kidogo. Ningeweza kumsamehe mtu aliyefungwa. Lakini miaka kumi kwa sababu ya kitana? Leo nina watoto wangu, na nimeona jinsi mtu mzima anavyoweza kuahirisha jambo dogo mpaka likawa kubwa kuliko mlango wa kuingilia. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na minane na sikuwahi kuahirisha chochote.

Mama alimpa masharti yake palepale. Hatalala kwetu. Chakula atakula kibandani kama wateja wengine, na kwa pesa. Kama anataka kukaa Homa Bay, atafute mahali. Mahali alipopata palikuwa chumba kando ya duka la vitambaa la Bi Rukia, na mji mzima ulishangaa, maana watu walitarajia mama yule wa Kiislamu, mjane mwenye buibui, ndiye wa kwanza kumfukuza mwanamume anayechezea nywele za wake za watu. Wazee wawili walikwenda kumwonya. Nilikuwepo dukani nikinunua uzi, kwa hiyo jibu lake nililisikia mwenyewe. "Baba zangu," aliwaambia, "kwetu mwanamume hushona kofia, na hupika biriani ya harusi nzima, na mkewe hajafa kwa aibu. Huyu afunge pazia, afungue mlango, afanye kazi yake. Na nyinyi mnanunua au mnapumzika?" Yeye mwenyewe hakuwahi kuguswa kichwa na baba, alisema kichwa chake ni cha marehemu mumewe. Lakini kila alasiri alileta kiti chake, akakaa mlangoni mwa saluni na birika la kahawa, na hakuna mtu aliyethubutu kusema neno chafu akipita mbele ya Bi Rukia.

Ugomvi wetu wa kwanza, mimi na baba, ulikuwa kuhusu kibao. Alikipaka rangi nyeupe, akaandika kwa herufi nyekundu SALUNI YA AWUOR. Alidhani ananipa zawadi. Nilipita asubuhi nikiwa na mtungi, nikaliona jina langu juu ya mlango wa mtu nisiyemjua, nikahisi kama nimevuliwa nguo njiani. "Toa jina langu," nilimwambia. Hakuuliza kwa nini. Alipanda kwenye ngazi wateja wakitazama, akalipaka jina rangi nyeupe, akashuka. Kibao kikabaki kinasema SALUNI YA, halafu pengo. Watu walijaza wenyewe. Wengine walisema saluni ya mwanaume, wengine saluni ya pazia, na vijana wa stendi wakasema saluni ya nani, na hilo ndilo jina lililoshika. "Unaenda wapi?" "Saluni ya Nani." Hata leo, ukimuuliza mwendesha boda wa zamani, atakupeleka.

Wateja wake wa kwanza walikuwa akina mama wa visiwani, waliokuja na samaki asubuhi na kusubiri boti ya kurudi. Walikuwa na muda na hawakuwa na majirani wa kuwacheka. Wakarudi Takawiri na Mfangano na matuta ya nywele yaliyonyooka kama mistari ya daftari, na wiki iliyofuata wakaja na dada zao. Mama alikuwa akinituma na chai. Sikuwahi kuombwa kuipeleka ndani, na sikuipeleka. Niliiweka kizingitini, nikaingia kwa Bi Rukia, nikajitia kukunja leso. Kati ya duka na saluni palikuwa na ukuta wa mbao zilizoachana, na kwa miezi mingi elimu yangu ilipitia katika nyufa zile. Nilijua nani amegombana na mama mkwe, nani ana mimba na bado hajasema. Nilitegemea kumsikia baba akijisifu au akiwachekea wanawake wale, ili niwe na cha kumchukia vizuri. Hakusema mengi. Aliuliza, "Inauma?" na, "Tuelekeze nyuma au pembeni?" Wanawake walizungumza, yeye akasuka.

Siku moja aliketi mama ambaye mumewe alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu kule Migori na hajaonekana tena. Alizungumza juu ya bei ya nyanya, juu ya mvua, kisha akauliza ghafla, "Fundi, wewe ni mwanaume. Mwanaume akitoka hivi na asirudi, huwa anafikiria nini?" Bi Rukia aliacha kupima kitambaa. Baba alimalizia tuta alilokuwa ameshika. "Anafikiria kesho itakuwa rahisi kurudi," alisema. "Na kila kesho inakuwa ngumu kushinda jana." Yule mama akasema, "Mjinga." Baba akasema, "Ndiyo." Wakaendelea na nywele. Bi Rukia alinitazama juu ya miwani yake na kunipa ncha ya kitambaa niishike, tukakikunja pamoja, yeye akinijia na mimi nikimwendea, mpaka kikawa kidogo.

Wakati huo nywele zangu zilikuwa zimeota. Msichana aliyenyolewa miaka minne anazishika nywele zake kila saa kuhakikisha zipo. Zilipofika urefu wa kusukwa, mji mzima ulijua zitasukwa wapi, kwa hiyo nilikwenda kwingine, kwa dada mmoja nyuma ya soko ambaye sifa yake ilikuwa kukaza. Alinikaza hata nikawa siwezi kufumba macho vizuri. Kesho yake nilipeleka chai nikitembea kama mtu aliyebeba yai kichwani. Baba alikuwa mlangoni akikung'uta taulo. Aliniangalia kipaji cha uso.

"Zimekubana?"

"Hapana."

Aliingia ndani, akatoka na kichupa cha mafuta, akakiweka kizingitini, mahali palepale ninapoweka chai, akarudi kazini. Nilikichukua. Nililala usiku huo bila maumivu na nikiwa na hasira zaidi.

Mwezi wa nane mama mdogo wangu Lilian, mdogo wake mama, alikuwa anaolewa kwao Migori. Tulikwenda mapema, mama na mimi, tukapika, tukaosha masufuria, tukabishana juu ya keki. Msusi aliyeagizwa mjini alitakiwa kufika Ijumaa asubuhi. Saa sita hajafika. Saa nane ukaletwa ujumbe kwamba amelazwa na malaria, naye Lilian amekaa kwenye kiti jikoni, nywele zimeoshwa na kukaushwa na kusimama wima kama amepigwa na radi, na wasindikizaji wake wamepanga foleni nyuma yake wakiwa vilevile. Bibi harusi akaanza kulia. Mama alijifuta mikono kwenye aproni, akaenda dukani kupiga simu, akarudi bila kusema amempigia nani. Nilijua. Kila mtu pale alijua, kwa sababu kaka mkubwa wa mama, mjomba Ochola, alienda akasimama kwenye geti. Kwa miaka kumi mjomba alikuwa ameapa kwamba akimwona baba atamvunja mguu, na alikuwa hajaamua ni upi.

Baba alifika kabla jua halijazama, sanduku mkononi, shati jeupe limepigwa pasi.

"Umekuja kufanya nini hapa?" mjomba aliuliza.

"Kusuka, shemeji."

"Na ukimaliza?"

"Nitasuka mwingine."

Mjomba alikuwa amejiandaa kwa majibu mengi, lakini si hilo. Akasogea. Baadaye nilimwona jikoni ameshika kioo, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na mikono mirefu ya kutosha, na baba akimwambia, "Inua kidogo, shemeji. Kulia. Hapo hapo."

Mtu mmoja tu hakuja kutazama: Dani, bibi yangu mzaa mama. Kwetu mama wa mke na mume wa binti hawagusani, hawali mezani pamoja, hata njiani mmoja humpisha mwenzake. Kwa hiyo Dani alijifungia katika chumba chake, ambacho kilikuwa kimeunganishwa na jiko, na kati ya viwili hivyo palikuwa na ukuta wa mabati usiofika juu. Jumamosi asubuhi Lilian alikuwa amependeza kiasi cha kuogopesha, wasindikizaji wamekwisha kusukwa, baba anakusanya vitana, tuliposikia sauti kutoka upande wa pili.

"Awuor!"

"Naam, Dani."

"Muulize huyo mtu kama kuna mtindo wa mtu mzee."

Baba alisimama wima kama askari. "Mwambie Mama upo," alisema. "Lakini siwezi kuingia."

"Nani amemwambia aingie?" Dani alisema. "Kwani wewe huna mikono?"

Sikuwahi kumsuka mtu. Niliingia na kitana cha baba, Dani ameketi kwenye kigoda, amefungua kitambaa, na nywele zake nyeupe zilikuwa laini kuliko nilivyowahi kufikiri. Sauti ya baba ikaja juu ya mabati.

"Gawanya katikati, kutoka kipaji hadi kisogo. Umefika?"

"Nimefika."

"Sasa chukua tatu, ndogo. Ukienda mbele unaokota kidogo kila upande. Usivute. Kichwa cha mzee ni kama yai."

"Mwambie kichwa changu si yai," Dani alisema.

"Mwambie Mama nimekosa."

Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, lakini kila neno lilipaswa kupitia kwangu, na nje ya mlango wasindikizaji walikuwa wameangukiana kwa kucheka. Tuta la kwanza lilitoka vibaya, nikalifumua. La pili likawa tuta. Nilipokwama nyuma ya sikio niliuliza, naye akanieleza jinsi ya kulaza kidole gumba, na kidole changu kilipolala nikaona mkono wangu unafanya kitu ambacho nilikuwa nimekichungulia kwenye mbao miezi yote ile.

"Muulize," Dani alisema taratibu, "kwa nini alimwacha mtoto wangu."

Vicheko vya nje vilikatika. Sikuwa na haja ya kumuuliza, lakini nilimuuliza, na swali lilitoka kwa sauti yangu na likawa langu.

"Mwambie ni ujinga," baba alisema kutoka ng'ambo. "Nimetafuta jibu zuri kuliko hilo. Sina."

"Dani, anasema ni ujinga."

"Nimesikia, mimi si kiziwi." Alipapasa kichwa chake kwa kidole kimoja. "Sasa mwambie tuta la tatu limepinda."

Kanisani Dani alikaa mstari wa mbele, hakufunga kitambaa, na kila aliyemsalimia alilazimika kumsalimia kutoka pembeni, kwa sababu ndiko alikokuwa amegeuzia kichwa ili kionekane.

Wiki iliyofuata niliingia Saluni ya Nani na chai, nikapita kizingiti, nikaiweka mezani, nikakaa kwenye kiti. Bi Rukia, aliyekuwa mlangoni, aliinuka na birika lake akasema anakwenda kuswali, ingawa haikuwa saa ya swala yoyote. Baba alinawa mikono kwa muda mrefu. Kisha akaanza kufumua yale matuta ya yule dada wa nyuma ya soko, na vidole vyake vikasimama juu ya sikio langu la kulia.

"Hili kovu lilitoka wapi?"

"Mpera. Darasa la tano. Tawi lilivunjika."

"Na hili?"

"Mlango wa choo cha shule. Kidato cha kwanza."

"Ulishonwa?"

"Nyuzi mbili. Nilimng'ata daktari."

Alicheka, kisha akawa hacheki. Hakuniomba msamaha kwa maneno, na nashukuru, maana ningelazimika kuyajibu. Aliendelea kuuliza, kovu kwa kovu, hata alama ndogo za tetekuwanga nilizokuwa nimezisahau, na mimi nikamsimulia, na tulipomaliza nywele nilikuwa nimemsimulia sehemu kubwa ya miaka kumi bila kumtazama usoni.

Mwisho wa mwaka nilipata nafasi katika chuo cha ualimu huko Migori. Baba alibeba sanduku langu mpaka stendi, akakataa kumpa makanga wa gari, akakataa hata kunipa mimi. Mama aliniaga kwa mkono, akarudi kibandani kwa sababu maharagwe yalikuwa motoni. Baba alibaki. Alikagua magurudumu ya gari kama mtu anayelinunua. Dereva alipopiga honi, alishika dirisha kwa mikono miwili.

"Utarudi lini?" aliuliza.

Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu darasa la pili, nikilala nalo na kuamka nalo, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja litageuka na kuulizwa kwangu. Ningeweza kumwacha nalo kidogo. Lakini watu walikuwa wanatutazama, na alikuwa ameanza kulia mbele yao bila kujificha, mwanaume mzima mwenye kitana mfukoni.

"Ijumaa," nilisema.

Nilirudi Ijumaa. Saluni ilikuwa imefungwa, kibandani hakuna mtu, kwa hiyo nilikwenda moja kwa moja nyumbani, na kabla sijafika mlangoni nilimsikia mama akigomba. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chetu jikoni, viatu amevivua, anakata vitunguu, na mama amesimama juu yake na mwiko akimwambia kwamba vipande vile ni vya kulisha ng'ombe.